Sehemu ya Torcuil

Effie alikuwa na miaka arobaini na saba alipogundua kwamba mtu anaweza kupiga fidla saa mbili nzima, watu wakampigia makofi, naye asisikie hata sauti moja. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Lililomshika ni ganzi, ile ile inayoingia mguuni ukiukalia vibaya kanisani, ila yeye ilimwingia mwili mzima, na tangu Novemba haikuwa imeachia.

Siku za kazi alikuwa mpishi wa shule. Viazi, supu ya shayiri, viazi tena. Mwezi wa Januari alitoa trei kwenye oveni bila kitambaa, akasimama anautazama mkono wake kana kwamba ameuazima kwa jirani.

"Effie! Unaungua, dada!" msaidizi wake akapiga kelele.

"Naona," akajibu Effie, akaiweka trei mezani taratibu, isimwagike.

Novemba ndipo Torcuil, mumewe, alipoanguka bandani akipasua kuni. Moyo. Walimkuta kalala ubavu, na shoka limekwama kwenye gogo, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulichomoa mpaka wiki ya pili. Jeneza likabebwa mabegani kwa zamu, wanaume wanane wakienda na wanane wakipokea, kama ada ilivyo. Chai ikanywewa. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, naye mfiwa hakuanza. Basi wa mbali wakabaki mlangoni na keki zao. Watu wa kwetu wakikosa la kusema huoka, na mwaka ule walikosa la kusema sana. Effie aliwalisha kuku keki za zabibu mpaka Krismasi.

Kwa miaka kumi na tisa walikuwa watatu: Torcuil kwenye kodiani, Effie kwenye fidla, na Murdo, rafiki yao, kwenye gitaa. Kila Juni walijipakia kwenye kibasi cha Murdo, ambacho hubeba kondoo miezi mingine na hakifichi jambo hilo, wakazunguka visiwa vyetu vya kaskazini siku kumi, kumbi kumi za vijiji. Mwaka huu Murdo alikuja jikoni kwa Effie, akakaa akizungusha kofia magotini.

"Tuache tu, Effie. Hakuna atakayetulaumu."

"Tuache tufanye nini?"

Murdo akairudisha kofia kichwani. Akatafutwa Marsali, binti wa miaka ishirini na tatu aliyesomea kodiani chuoni, mpigaji hodari na mwenye adabu mpaka inakera. Kiti alichokuwa akikalia Torcuil hakukigusa. Kila ukumbi aliomba cha kwake, kile kingine kikabaki kimekunjwa kwenye kibasi.

Sasa, wapigaji wa kwetu hawapigi wimbo mmoja wakakoma. Huunga nyimbo tatu tatu, zisizo na maneno, za kuchezesha miguu, na mmoja wao huongoza. Kiongozi akiinua kiwiko akasema "Hap!", wimbo unabadilika pale pale na wenzake humfuata bila swali, hata akiwapeleka mtaroni. Murdo hajawahi kutii sheria ya barabarani, lakini hiyo aliitii. Kiongozi alikuwa Effie.

Nyimbo tatu za kufungia onyesho walikuwa nazo tangu harusi ya Effie na Torcuil. Ya tatu Torcuil aliitunga mwenyewe, zawadi ya harusi, akaiita kwa jina la mkewe: Effie wa Langoni. Siku alipompeleka kwa mama yake mara ya kwanza, Torcuil alitangulia ndani, Effie akasimama langoni nusu saa akiogopa mbwa. Anasogea hatua moja, anarudi mbili, anasogea tena, na ukoo mzima unamtazama dirishani wanakufa kwa kucheka. Wimbo huo ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza walipiga pamoja. Ya pili alipiga Torcuil peke yake.

"Hapo wewe pumzika," alimwambia. "Mtu akikusifu, unakaa kimya unasikiliza."

Kwa hiyo sehemu ya pili ilipofika Effie alishusha fidla magotini, naye Torcuil akampigia, akimkonyeza jicho kwa ujinga wake ule ule wa kila mwaka. Halafu wakarudi pamoja. Torcuil alipokufa, Murdo aliufuta wimbo huo kwenye karatasi ya orodha inayobandikwa sakafuni jukwaani, akaandika mwingine. Effie aliona. Akaupiga huo mwingine.

Ukumbi wa kumi, wa mwisho, ulikuwa Borvaig, kijiji cha Torcuil. Huko ndiko alikokuwa bado anaishi mama yake, Peigi, mwenye miaka themanini na minne. Na Effie alikuwa na jambo lake na Peigi.

Fidla aliyokuwa akipiga haikuwa yake. Ilikuwa ya baba yake Peigi. Enzi za ujana wa mzee huyo alipita mhubiri mmoja akihimiza fidla zichomwe, na watu, kwa hofu ya moto wa kesho, wakazipeleka wenyewe kwenye moto wa leo. Mzee alipeleka sanduku tupu. Fidla aliifukia kwenye kasha la shayiri. Peigi mwenyewe hakuruhusiwa kuishika, alikuwa msichana, lakini nyimbo zote alizihifadhi mdomoni, akiziimba kwa hin-da-ri-ro wakati wa kukamua ng'ombe, na ndivyo Torcuil alivyolelewa. Siku ya harusi alimkabidhi Effie fidla mbele ya wageni.

"Fidla isiyopigwa hulala," alimwambia, "na ikilala sana hufa. Siku ukichoka, usiniwekee juu ya kabati. Irudishe nyumbani."

Effie alikuwa amechoka. Kwenye feri, asubuhi ya siku hiyo ya mwisho, alimwambia Murdo.

"Leo namrudishia Peigi fidla yake. Mwakani tafuteni mtu."

Murdo alikuwa anakula soseji ndani ya mkate. Akaacha kutafuna. "Umeamua lini?"

"Sikumbuki."

"Unaumwa? Umekasirika? Nimekukosea?"

"Hapana, Murdo. Mchuzi unakudondokea."

Alisema kweli, hakuwa na hasira. Aliitazama bahari ikawa bahari, akatazama mikono yake ikawa mikono. Kilichomwogopesha, kama kuna kilichomwogopesha, ni kwamba kumrudishia Peigi fidla ni kukata uzi wa mwisho uliomfunga kwenye ukoo ule na kwa marehemu, na hata hilo alilifikiria kama anavyofikiria kilo za karoti. Mtu wa namna hiyo, alijiambia, hana haki ya kuwapigia watu muziki. Ni kuwaibia.

Walifika Borvaig saa kumi. Ukumbi ni wa mabati ya kijani, na ndani unanuka chai, viatu na rangi. Mlangoni alikuwepo Lachie, mwenye kusimamia bahati nasibu, ambaye amesimamia bahati nasibu hiyo tangu dunia haijakauka. Zawadi zake ziko vile vile daima: chupa ya wiski, kopo la biskuti, na soksi za sufu alizofuma dada yake. Soksi hizo zimeshindaniwa miaka minne mfululizo, kwa kuwa kila anayezishinda huzirudisha kimyakimya mwaka unaofuata.

"Effie, mama," Lachie akasema, akamshika mkono, macho yakamjaa maji. "Effie..." Halafu, kwa kukosa la kuongeza, "Keki ipo ndani."

"Najua ipo, Lachie."

Peigi alikuwa tayari kwenye kiti cha mstari wa mbele, saa tatu kabla ya onyesho, mkoba mapajani, koti limefungwa vifungo vyote. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga ukumbini. Alimtazama Effie toka nywele mpaka viatu.

"Umekonda."

"Nakula, mama."

"Unakula kama nani? Kama shomoro?"

Effie akakaa kando yake. Hakujua njia ya kuzunguka jambo, kwa hiyo alilipitia katikati. "Nimekuja na fidla, mama. Tukimaliza, nakuachia."

Peigi aliinama. Akafungua mkoba, akautazama ndani, akaufunga. "Umechoka kupiga?"

"Sisikii kitu tena. Napiga kama naosha vyombo."

"Na vyombo vikioshwa si husafika?"

"Mama."

"Haya, haya. Nimeuliza tu." Akanyoosha koti magotini. "Nitakuwa jikoni humu humu, nimewaahidi kuosha vikombe. Ukimaliza, niletee huko."

Basi ikawa hivyo, bila kilio, bila kukumbatiana. Effie aliondoka akijua amebakiza saa mbili za kuwa mpigaji fidla, akaenda kupaka upinde ulimbo.

Onyesho likaanza saa moja na nusu. Juni kwetu jua haliendi popote, kwa hiyo mwanga uliingia madirishani ukawamulika watu usoni, na kutoka jukwaani Effie aliwaona wote: waliomfundisha Torcuil kuogelea, waliomnyima chenji, waliombeba mwaka jana. Walipiga vizuri. Marsali alipiga kama malaika aliyefaulu mitihani. Murdo alisimulia kisa chake cha kondoo dume na mkaguzi wa magari, na watu waliokijua neno kwa neno wakacheka kabla hajafika mwisho, maana wengine walikuwa na safari ya kwenda kukojoa. Wakapumzika, wakanywa chai, wakala sandwichi za mayai. Soksi zikamwangukia daktari mgeni, ambaye hakujua, akafurahi sana.

Kipindi cha pili Effie alikaa ndani ya ganzi yake kama mtu aliyefunga madirisha. Mikono ilifanya kazi. Yeye alifikiria kama aliagiza unga wa kutosha kwa Jumatatu.

Nyimbo tatu za mwisho. Ya kwanza, mwendo wa taratibu, mara mbili. "Hap!" Ya pili, ya kurukaruka, mara mbili. Miguu ya ukumbi mzima sasa ilikuwa inagonga mbao, tok tok tok tok, sakafu inatetemeka mpaka kikombe cha Murdo kikasogea chenyewe. Wimbo wa tatu ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi miguuni pake kwa herufi kubwa za Murdo. Effie hakutazama karatasi. Aliinua kiwiko.

"Hap!"

Mazoea yana taabu. Mkono uliokuwa umeenda njia ile miaka kumi na tisa ulikwenda njia ile. Ukatoka wimbo wa Effie wa Langoni.

Murdo aligeuza shingo kama aliyechomwa mwiba, lakini sheria ni sheria, vidole vyake vikahama na kumfuata. Marsali aligwaya, akashika mdundo kwa chini chini tu, ilimradi asipotee. Ukumbini watu wa nyuma wakapiga vigelegele, maana wimbo ule ulikuwa wa kijijini kwao, wa mtoto wao, na miguu ikazidi. Effie alipiga sehemu ya kwanza mara mbili, bado yuko kwenye hesabu ya unga. Sehemu ya kwanza ikaisha. Akashusha fidla magotini.

Na hapakuwa na kitu.

Gitaa la Murdo liliendelea, tsiki-tsiki-tsiki-tsiki, na miguu ikaendelea, na juu yake palikuwa patupu, ukuta bila paa. Marsali vidole vyake vilikuwa juu ya vitufe, havibonyezi, uso mweupe. Effie alikuwa amegeuza kichwa kushoto, kule anakogeuza siku zote, akingoja akonyezwe. Akaona ukuta na kizima moto.

Ndipo alipojua alichofanya. Mbele ya kijiji kizima alikuwa amemwachia Torcuil nafasi aingie. Mwili wa Effie haukuwa umeambiwa. Miezi saba ulikuwa umekaa ukimngoja tu, kwa utulivu, kama anayengoja mtu aliyeenda dukani.

Sehemu ile huchukua sekunde kumi na sita. Sekunde kumi na sita ni nyingi. Zilipokwisha aliinua fidla akarudi kwenye sehemu ya kwanza, maana wimbo hupigwa mara mbili na huwezi kuuacha njiani, na sasa alikuwa macho, na aliliona shimo lile lile likimjia tena mbele. Alitaka kulijaza. Akatafuta vidoleni, hakuna. Wimbo wenye jina lake, na nusu yake hakuwahi kuipiga hata siku moja. Hakuijua.

Sehemu ya kwanza ikaisha mara ya pili. Upinde ukasimama hewani.

"Hin-da-ri-ro, hin-da-ro..."

Ni Peigi. Hakusimama, hakuachia mkoba. Alikuwa anaimba kwa sauti kavu, ya kukwaruza, uso umekunjwa kwa kuudhika, kama anayemsahihisha mtoto aliyekosea dua mbele ya wageni. Pumzi ilimwishia katikati, akavuta nyingine kwa kelele, akaingia tena pale pale alipotakiwa. Ukumbi mzima ukapunguza miguu ili asikike. Alipofika mwisho alimwinulia Effie kidevu: haya, njoo. Effie akaingia, wakafunga pamoja, yeye na gitaa na bibi kizee.

Makofi yalichelewa kuanza. Effie hakuyangoja. Alishuka kwa ngazi ya pembeni, akaweka fidla kwenye sanduku, akaibana vizuri, akasimama nje mpaka watu wakaanza kutoka, ndipo akaenda jikoni.

Peigi alikuwa amekwisha kukunja mikono ya koti, vikombe viko ndani ya povu. Waliokuwa naye alikuwa amewafukuza.

"Hii hapa, mama," Effie akasema. Akaliweka sanduku mezani kati ya sahani za makombo.

Peigi hakugeuka. "Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa namngoja."

Kikombe kikazama. Peigi alisimama kidogo, mikono ndani ya maji. "Mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili je?"

"Siujui."

"Huujui! Miaka kumi na tisa?"

"Aliniambia nikae kimya nisikilize."

Peigi akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Nilizaa mpuuzi." Akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, akaja mezani, akaweka kiganja juu ya sanduku. Effie alidhani analipokea. Alilisukuma likarudi.

"Fidla ya baba yangu na wimbo nusu? Siipokei. Fungua."

"Mama, Murdo anangoja, kuna viti vya..."

"Murdo ana mikono. Fungua, nimesema. Na mwanzoni hapo usikimbie, Torcuil hapo hakimbii."

Effie akafungua, akaketi. Peigi akakaa kwenye kiti, akapiga goti kwa kiganja, akaimba kipande cha kwanza, kifupi, mara mbili. Effie akakipiga. Akaimba cha pili.

"Hapana. Hapo anapanda, hashuki. Tena."

Effie akarudia.

"Anapanda, halafu anarudi nyuma. Anarudi mbili. Sikiliza, usikimbilie vidole. Hin-da, ro-ro. Hin-da, ro-ro."

Hatua moja mbele, mbili nyuma. Effie alizipiga, akazipiga tena, na mara ya tatu mkono wake ulitambua kabla yake. Ni yeye. Ni miguu yake langoni, na mbwa anabweka, na Torcuil dirishani anatazama bila kucheka. Wenzake wote walikuwa wanacheka. Yeye alikuwa anahesabu hatua zake, kila moja, asiisahau. Kila Juni alikuwa akimwambia hivyo kwa sauti mbele za watu, na Effie alikaa kimya akimtazama usoni, akidhani amesikiliza.

Kila mtu anajua, ganzi haiumi ikiingia. Huuma ikiachia. Ilianzia kwenye vidole vilivyobana nyuzi, ikapanda mkononi hadi mahali pale pa kovu la oveni, ikafika kifuani, na Effie akatoa sauti ambayo hakuwahi kuitoa, ya chini, mbaya, kama ya ng'ombe mwenye uchungu. Upinde ukamtoka. Peigi aliinuka, akauokota, akaupangusa kwa aproni, akamshika mkwewe kichwa akakilaza tumboni kwake, kwenye vifungo vyote vile vya koti.

"Haya," alisema. "Haya, mwanangu. Hiyo ndiyo."

"Fidla..." Effie akasema ndani ya koti.

"Utairudisha ukishaujua wote. Nina miaka themanini na minne, usiharakishe." Sauti ya Peigi ilikuwa imeanza kuvunjika nayo. Akamrudishia upinde mkononi, akamfungia vidole juu yake kimoja kimoja. "Toka mwanzo. Pole pole."

Effie akaanza upya, machozi yakidondokea mbao za fidla, akikosea. Mlangoni alikuwa amesimama Murdo na viti vinne kwapani, na nyuma yake Marsali, na nyuma ya Marsali Lachie na daktari mwenye soksi zake. Murdo aliviweka viti chini, kimoja baada ya kingine, akafunika uso kwa kofia, akaanza kulia yeye pia.